Mililita Sitini na Nane za Mume Wangu

Skipton, Yorkshire
14 Juni 1975

Ndugu Mhariri,

Anayekuandikia aliolewa siku kumi na tisa zilizopita na bado kila asubuhi anaitazama pete kama ameiokota.

Nasikia kuna wakubwa London wanaotaka bilauri ya bia iwe nusu lita badala ya painti, kipimo chetu cha kale. Wakipima sukari na vitambaa wanavyotaka, sina neno. Ila kwa bia nalalamika, kwa heshima zote:

1. Mume wangu, Trevor, hujenga kuta za mawe, na mawe hayamdai mazungumzo. Miaka miwili tulikaa dirishani kwenye baa ya Bi Thackray akinisimulia mvua. Bi Thackray alimtania, "Trevor, huyo binti unamchumbia au unamlinda?" Masikio yakamwiva kwa haya, basi.

2. Jioni moja ya Februari bilauri yake ilikuwa imebaki bia ya kidole kimoja. Nikaenda msalani. Niliporudi ilikuwa tupu, naye amesimama, kofia mkononi. Akasema, "Lynne, nimepata nyumba. Ina jiko zuri. Njoo tukae." Nililia mpaka Bi Thackray akaniletea kitambaa cha kufutia kaunta.

3. Nimepima kwa jagi la jikoni. Painti ni mililita 568. Kidole kile kimoja kilichompa ujasiri ni 68. Toa, unabaki na nusu lita kamili. Kwa hiyo wakubwa hawapunguzi bia, Mhariri. Wanaondoa posa yangu.

4. Utasema aagize ya pili. Trevor hanywi mbili, ana pikipiki. Hata mama mkwe alinionya, "Ukimngojea huyu anywe ya pili, mwanangu, utamchumbia kaburini."

5. Yorkshire imejaa wanaume wa namna yake. Bila mililita hizo hakuna harusi, bila harusi hakuna watoto, shule zitafungwa, na baada ya miaka hamsini hatabaki wa kulipa kodi inayowalisha hao wapimaji.

Ikishindikana kabisa, naomba zile 68 zitolewe bure, katika kikombe kidogo, kwa kila kapera mkimya.

Nisalimie wote hapo gazetini, na mkeo. Kama huna mke, kaa dirishani kwa Bi Thackray.

Wako katika furaha isiyopimika,
Lynne Garside
(Bibi Lynne Garside. Napenda tu kuliandika jina jipya.)

N.B. Kabla ya kubandika stempu nimemsomea Trevor barua hii, akiwa na kikombe cha chai. Akakiweka kikombe mezani. Kisha akasema kidole kile cha mwisho hakukinywa. Nilipokwenda msalani alikimwaga kwenye chungu cha maua. "Nilichoka kusubiri bia iishe ndipo niseme, mke wangu. Hata ingekuwa ndoo, ningeimwaga."

Amesema yote hayo kwa chai tupu, Mhariri, na kabla ya saa mbili asubuhi. Basi waambie London wazichukue hizo 68. Ua lile lenyewe lilishakufa tangu Machi.