Wimbo wa Eva na Spika Niliyoishika Mimi

Jumanne, 5 Agosti

Leo wameanza kushuti video ya Evaline, sokoni Mwanga. Mwanangu! Wimbo wa shukrani kautunga mwenyewe akikaanga dagaa, mimi shahidi. Sauti kairithi kwangu. Baba Eva anabisha, lakini yeye mwenyewe akiimba hata mbwa wa jirani huhama.

Mpiga video anaitwa Bonfils. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kakulia Ujiji. Kijana mpole sana. Upole wa namna hiyo mimi huutazama mara mbili.

Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikasimama nyuma ya Eva karibu na mafungu ya nyanya, kama mteja. Hakuna aliyenituma. Jioni Bonfils akatuonyesha picha. Eva yuko safi, kope zinahesabika. Nyuma yake kuna ukungu wa rangi ya chungwa. Nikauliza ule ukungu ni nini. Akasema ni mimi. Eti kamera humwona mmoja vizuri, wa nyuma inawayeyusha, ndio mtindo wa siku hizi.

Nimeyeyushwa! Mbona Sia hakuyeyushwa? Sia ni binti wa Mama Sia, jirani yetu hapa Gungu, mke wa afisa aliyehamishiwa huku kutoka Moshi. Sia anaimba kiitikio tu. Lakini hadi hereni zake zinaonekana.

Hapa kuna kitu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda studio ya Bonfils, Ujiji, kumpelekea Eva chakula. Ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Chakula kilikuwa sababu tu. Nilisimama kwanza nje ya dirisha.

Sia alikuwa mazoezini. Wimbo unakwenda vizuri, kwa adabu zake. Ikaja zamu ya Eva. Wimbo ukatoka mbio kama panya waliomwagiwa maji ya moto! Sauti ya mwanangu imekuwa ya kifaranga. Naye maskini anachezesha midomo, anaufukuzia.

Halafu Bonfils akamwambia mwenzake kwa Kirundi: "Buhoro buhoro."

Kadhani sisikii. Mimi Muha, Kirundi kinaniingia bila kupiga hodi. Buhoro buhoro ni polepole. Mdomoni polepole, kwenye spika mbio! Huyo ana ndimi mbili. Nia yake nimeijua: amalize upesi sehemu ya Eva, muda wote uliobaki ampe Sia.

Nimemweleza Baba Eva. Kasema pengine ni mambo ya ufundi, niwaachie vijana. Huyu ndiye aliyemwachia fundi baiskeli yake, akarudishiwa ya mtu mwingine, akashukuru.

Alhamisi, 7 Agosti

Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Eva kasimama botini, upande wa mbele, gauni jeupe, kanga begani. Bonfils na kamera yuko boti ya pili, injini inanguruma. Ikatakiwa mtu wa kujificha na spika miguuni pa Eva, asionekane. Nikajitolea kabla hawajamaliza kusema.

Walinifunika turubai. Harufu ya dagaa wa juzi. Uzazi ni kazi.

Nilipewa simu yao yenye wimbo wa mbio. Nikaiweka chini. Nikaunganisha yangu, yenye wimbo wenyewe, ule alionirushia Eva. Nikamwambia Eva aimbe kwa kujinafasi kama kanisani, Bonfils kabadili mawazo. Akauliza kasema lini. Nikamjibu kasema jana kwa Kirundi, buhoro buhoro. Na kweli alisema! Uongo sijui kuusema.

Basi mwanangu akaimba. Akafungua mikono, kanga ikapepea. Kule boti ya pili Bonfils anainua dole gumba. Injini imemziba masikio, hajui kitu.

Nimerudi nyumbani mgongo unauma, moyo mweupe.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Tuliitwa studio kuitazama video. Mama Sia naye kaja, sijui kaalikwa na nani. Picha ikaanza. Kanga inaelea. Maji yanaruka tone moja moja, kila tone linang'aa kama shanga. Nikasema kimoyomoyo, huyu ndiye niliyemzaa.

Halafu midomo. Wimbo umeshafika "amina", mwanangu ndiyo kwanza anafungua kinywa cha "asante". Anafungua, anafungua, kama mgebuka aliyetolewa majini. Sia akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Sia akanipa pole. Pole gani yenye meno yote nje?

Bonfils akaeleza kwa upole wake ule. Wimbo hukimbizwa makusudi. Mwimbaji anaufuata mbio, kisha Bonfils anaipunguza picha kasi. Hapo midomo inalingana na wimbo, na vingine vyote vinaelea taratibu. Hiyo ndiyo buhoro buhoro yake. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nafikiri.

Kasema muda wa kurudia hana. Jumatatu anakwenda Kagunga kushuti harusi, na video inasubiriwa ukumbini parokiani wiki ijayo. Kwa hiyo kwenye beti za Eva ataweka mgongo wa Eva, na uso wa Sia. Wimbo wa mwanangu, uso wa Sia!

Eva hakulia mbele yao. Tulipofika nyumbani akasema, "Mama, ni wimbo wangu wa kwanza, na sitaonekana." Nikamuuliza kwa nini basi hakukataa kule botini. Akasema aliniamini kwa sababu ni mimi.

Hilo limenikaa moyoni.

Lakini nawaza. Kama ni ufundi wa kweli, kwa nini mzazi mzima sikuelezwa? Mtu asiye na la kuficha hueleza.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa Eva kapanda bodaboda peke yake kwenda Ujiji. Nikapanda nyingine, nikamwambia dereva asikaribie sana. Nimejibanza kwa muuza mihogo ya kuchoma ng'ambo ya studio. Nimewaona mlangoni. Eva anaongea, Bonfils anatikisa kichwa. Eva anaongea tena. Bonfils anajikuna. Mwisho akaitikia.

Eva kafika nyumbani, akanikuta nafua kama sikutoka. Kasema watarudia kesho alfajiri, kabla Bonfils hajapanda boti ya Kagunga. Ila kuna sharti. Mama asiingie botini.

Nikauliza sharti hilo la nani, la Bonfils au la Mama Sia.

"La kwangu, mama," akasema. Kisha akanitoa ganda la muhogo kwenye kilemba.

Wamemlisha maneno mtoto wa watu.

Jumatatu, 11 Agosti

Heshima imerudi! Bonfils mwenyewe kanifuata, kaniamkia shikamoo, kanipa kazi kubwa. Kulinda upande wa mbali, nyuma kabisa ya mawe, mtu yeyote asipite akaharibu picha. Eti kazi hiyo hampi kila mtu. Kumbe kijana ana macho.

Nikasimama. Hakupita mtu. Alikuja mbuzi mmoja, nikamrudisha kwao. Boti sikuiona, wimbo sikuusikia, lakini upande wangu ulikuwa shwari. Walipokumbuka kuja kunichukua, Bonfils alikuwa keshaondoka.

Jumapili, 17 Agosti

Ukumbi wa parokia ulijaa, wengine wako madirishani. Walitundika shuka jeupe ukutani. Nilikaa mbele, Baba Eva pembeni, Eva katikati yetu.

Uso wa mwanangu ukajaa ukutani. Kanga inaelea, matone yanaelea, na midomo imelingana na wimbo, neno kwa neno. Alipofika kwenye "asante" ukumbi mzima ukamwitikia. Nililia hadi nikamalizia kwenye koti la Baba Eva. Eva akanishika mkono. Tangu ile Jumamosi hakuwa amenishika.

Baadaye watu wakampigia Bonfils makofi. Bonfils! Ndipo nikakaa nikapima. Nani aliwafanya warudie? Ile ya kwanza isingeharibika, hii nzuri ingetoka wapi? Kumbe video nzuri lazima kwanza iharibiwe mara moja. Huo ndio ufundi wenyewe, na Bonfils kausitiri asije akanyang'anywa wateja. Mimi nimeugundua bila kufundishwa.

Na sina uchoyo. Nasikia Sia naye anatoa wimbo wake. Nikamfuata Mama Sia mlangoni, nikamwambia asihangaike kutafuta mtu wa spika, nitaingia botini mwenyewe.

Alirudi nyuma hatua moja. Kisha akasema ya Sia wataishutia Moshi.

Moshi, hata ziwa hawana! Wivu humpeleka mtu mbali. Nimeshaanza kuulizia mabasi ya huko.