Meza Isiyo na Pembe

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Asubuhi nimeweka taipureta yangu mahali pake, nje ya lango la mahakama. Nimefuta vumbi, nimekaza utepe, nimengoja wagomvi. Kimya! Wamepita wawili tu, tena wa kunitia uchungu: ndugu wa baba mmoja, wale wa kesi ya nyumba. Kesi ile nimeilea mwenyewe tangu changa. Kila tusi walilotukanana kwa lugha ya sheria, mimi ndiye niliyelichapa. Leo wameteremka ngazi za jengo la ng'ambo wameshikana mikono. Wanacheka! Mkubwa akanisalimu na kuniambia yamekwisha, kesi wanaiondoa. Nikampa pongezi. Zilinikwama kooni, lakini nilimpa.

Ngazi zile ni za Mama Msuluhishi. Alikuwa wakili, tena mkali, akaacha joho na kufungua ofisi juu ya duka la dawa. Kazi yake ni kupatanisha watu kabla hawajafika kwa hakimu. Mwanzoni tulimcheka. Sasa kwake ni foleni: wafanyakazi na waajiri, wenye nyumba na wapangaji, washirika wa biashara ambao hawatazamani usoni. Karani wa mahakama ameniambia hata hakimu mwenyewe siku hizi huwauliza watu kama wamepita huko juu kwanza. Ameniambia kwa furaha. Msaliti!

Nina jirani wa meza, tunamwita Vidole Kumi. Huchapa kwa vidole vyote ili kuniumiza mimi ninayetumia viwili. Amesema tutafute kazi nyingine. Mimi nimeshaipata. Nitakuwa msuluhishi! Nani anaujua ugomvi kama mimi?

Jioni nimemweleza mke wangu. Ameniuliza kama nakumbuka mara ya mwisho nilipopatanisha watu. Nakumbuka. Ilikuwa siku ya harusi yetu. Shangazi zake wawili niliowapatanisha hawajasemezana mpaka leo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Nimejifanya naomba kazi ya kuchapa.

Ofisi safi. Harufu ya dawa inapanda kutoka chini. Chumba kikubwa kina meza ya duara, jagi la maji, boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Vyumba vidogo viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto. Mama Msuluhishi amenimiminia maji kwa mkono wake, kama vile mimi ni mtu. Nikamuuliza siri ya kazi. Akacheka, akasema siri ni kujifunza: kuna mafunzo, kuna mtihani, kisha unakaa chini ya mwenye uzoefu mpaka akuamini. Kujifunza! Mimi! Nikaomba basi nishuhudie kikao kimoja. Akakataa kwa upole. Anayeingia mle lazima pande zote mbili zimkubali, na yasemwayo mle hubaki mle.

Nikakaa ukumbini nikijitia kusoma gazeti. Kikao kilikuwa cha mkandarasi mnene na fundi wake wa zamani. Mlango haukuwa umefungwa vizuri. (Si kosa langu.) Mkandarasi alianza kufoka, Mama akamkatiza pale pale.

"Yako baadaye, ndugu yangu. Kwanza mweleze mwenzako anachokitaka yeye, mpaka mwenyewe akubali umemwelewa."

Mkandarasi akajaribu. Fundi akasema sivyo. Akajaribu tena. Sivyo. Mama hakusaidia. Alinyamaza tu, na kimya chake kilikuwa kizito hata huku ukumbini nilijisikia nina hatia. Mara ya tatu sauti ya mkandarasi ilishuka. Alisema fundi anataka isemwe mbele ya wenzake kwamba si yeye aliyejenga ule ukuta ulioanguka. Fundi akalia. Mimi pia macho yaliniwasha. Vumbi.

Kisha akawatenganisha, mmoja kulia, mmoja kushoto, akawa anaingia huku, anatoka, anaingia kule. Lazima niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: sijapata kuona kazi nzuri kiasi kile. Watu wameingia wamevimba, wametoka wameinama mlangoni wakipishana, wewe tangulia, hapana, tangulia wewe.

Nimeielewa kazi yote. Meza ya duara, maji, karatasi za machozi, vyumba viwili, na kupeleka maneno huku na kule. Utarishi wa heshima! Mafunzo ya nini?

Jumatano, 5 Machi

Maandalizi. Nimenunua jagi. Nimenunua karatasi za machozi. Nimenunua miwani, kwa kuwa Mama anayo. Inaniumiza kichwa, lakini inanipa busara.

Tatizo ni meza. Yetu ina pembe nne. Nimemwita seremala, akazikata pembe zote. Si duara kamili, lakini haina pa kuchoma mtu. Mke wangu amerudi, ameitazama meza, amenitazama mimi, kisha ameitazama meza tena. Ameuliza pembe ziko wapi. Nimemwonyesha. Ziko nyuma ya mlango, nimezihifadhi vizuri.

Habari njema: nina wateja! Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi cherehani. Wa pili ni kinyozi. Maduka yao yamepakana na walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Ugomvi ni benchi. Kinyozi ameliweka chini ya dirisha la shemeji, watu wa kinyozi wanaliegemea dirisha, na cherehani inabaki gizani. Shemeji ameomba liondolewe, kinyozi amekataa. Shemeji akamwagia benchi maji. Kinyozi akafungulia redio mpaka vioo vikatetemeka. Sasa shemeji amefuga nywele kama kichaka kwa sababu hawezi kuingia kwa kinyozi, na kinyozi anatembea na suruali iliyochanika nyuma kwa sababu hawezi kuingia kwa shemeji. Leo kila mmoja kwa wakati wake alikuja nimchapie mashtaka. Nimekataa! Nimewaambia wote waje kwangu Ijumaa tuyamalize kistaarabu. Vidole Kumi alinitazama kwa wivu.

Mke wangu hakufurahi. Aliketi kwenye meza yake isiyo na pembe, akasema taratibu:

"Yule ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Jana amesema akichoka na haya anahamia mji mwingine. Ukimfanya kaka yangu ahame, mimi sijui tutaishije humu ndani."

Nimemwambia aniachie mimi. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku hii sitaki hata kuiandika. Naandika hivyo hivyo.

Walikuja wote wawili. Shemeji na kichaka chake, kinyozi akitembea kinyumenyume kuficha suruali. Nikawamiminia maji. Nikavaa miwani. Nikamwambia kila mmoja aeleze anachokitaka mwenzake. Shemeji akasema mwenzake anataka kumuua. Kinyozi akasema sawa kabisa. Nikaona wamekubaliana mapema mno, nikawatenganisha. Shemeji sebuleni, kinyozi jikoni.

Shemeji akaniita karibu. Akaninong'oneza kwamba macho yake yanakufa. Bila mwanga wa dirisha lile haoni tundu la sindano, na wiki iliyopita alishona suruali ya mteja mguu mmoja nje ndani. Anaogopa watu wakijua watamkimbia. Hajamwambia yeyote, hata dada yake. Nilimhurumia sana. Nikakimbilia jikoni.

Kinyozi naye alinishika mkono. Akasema wale wa kwenye benchi si wateja. Wateja wamepungua. Wale ni wazee wenzake wasio na kazi, anawaomba wakae pale ili duka lionekane limejaa. Benchi likiondoka, mtaa mzima utaona kiti kitupu. Machozi yalimlengalenga. Nikamletea karatasi. Zinafanya kazi!

Sasa nikaona ndipo pa kuonyesha bidii. Yote ya shemeji nikamfikishia kinyozi. Yote ya kinyozi nikamfikishia shemeji. Neno kwa neno, na chumvi kidogo pale palipokuwa pamepooza. Huenda nilisema "kipofu". Huenda nilisema "hata nzi hanyolewi pale".

Wakatoka kwa pamoja, wakakutana mlangoni. Wakatazamana. Kimya. Nikadhani ni kile kimya cha Mama Msuluhishi, nikafurahi. Kisha wakanigeukia mimi.

Kinyozi alinivua miwani usoni, akaiweka juu ya meza. Shemeji alisema Jumapili anafungasha. Mke wangu alikuwa uani, chini ya dirisha la jikoni, alisikia yote, habari ya macho ya kaka yake ameisikia kwangu nikiipayuka. Amenipa mgongo mpaka saa hii. Sijapata kuona mgongo wenye hasira namna ile.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshtakiwa! Barua ya madai, shemeji na kinyozi kwa pamoja, dhidi yangu. Wananidai niwaombe radhi mbele ya mtaa, na nisipatanishe tena kiumbe yeyote. Imechapwa vizuri, haina kosa hata moja. Vidole Kumi! Ameniletea mwenyewe, akasimama pale kunitazama nikisoma.

Nilimwonyesha mke wangu kwamba angalau sasa wanashirikiana. Hakuona upande huo.

Amevaa, ametoka. Amepanda zile ngazi mwenyewe. Amerudi na habari mbili: kaka yake amekubali kungoja, na Jumatatu wote watatu tunakwenda kwa Mama.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeketi kwenye ile meza ya duara. Safari hii upande wa mgomvi.

Mama alianza kwa kuuliza kama tumekubali kuwa pale kwa hiari. Tukakubali. Kisha akanigeukia, akaniambia nieleze anachokitaka shemeji. Nikasema anataka kunidhalilisha. Shemeji akatikisa kichwa. Nikasema anataka dirisha. Akatikisa tena. Mama akanyamaza. Nikangoja aseme chochote. Alinimiminia maji. Nikayanywa yote na kimya kikawa bado kipo. Mwisho nikamtazama shemeji, mikono yake ile mikubwa juu ya meza, kidole gumba kinasugua kingine kama kinachotafuta uzi.

"Anaogopa kuacha kushona," nikasema. "Na alitaka aliseme mwenyewe, siku atakayoipenda yeye."

"Ehe," shemeji akasema. "Hilo hasa."

Sijui kwa nini macho yaliniwasha tena. Halikuwa vumbi.

Kisha Mama akaongea na kila mmoja chumbani peke yake. Alipokuja kwangu alinisikiliza mpaka nikaishiwa, jambo ambalo halijapata kutokea. Halafu akauliza: "Katika haya uliyoniambia, lipi nipeleke, na lipi libaki hapa?" Basi! Swali lenyewe ndilo hilo. Dogo hivyo. Nilitamani sakafu ipasuke niangukie duka la dawa.

Aliniuliza pia mimi ninataka nini. Nikasema nataka siku moja watu wateremke ngazi wakicheka kwa sababu yangu. Hakunicheka. Aliniambia mafunzo mapya yanaanza mwezi ujao, na nafasi ipo.

Na wale wawili waliyamaliza wenyewe, yeye akiuliza tu. Kinyozi alisema siku zote alijua rafiki yake ana jambo, ila hakujua ni macho. Ana kioo kikubwa stoo, atakifunga barazani kielekee jua, mwanga uingie hadi kwenye cherehani. Benchi litahamia upande wa pili wa mlango. Shemeji akasema hao wazee wa benchi basi wamtungie uzi kwenye sindano, na yeye atawaambia wateja wake wote wakanyolewe hapo hapo. Nikawaomba radhi. Nilimaanisha. Mama hakutoa hukumu hata moja, na mle ndani kila mtu alitoka amepata. Nasema wazi: huyu mwanamke ni hazina. Hakimu ana haki ya kumpenda.

Tumeteremka ngazi tukicheka. Shemeji hahami. Jioni amekuja kwetu kachongwa nywele safi, na kinyozi kaja na suruali iliyoshonwa, miguu yote miwili upande wake. Mke wangu amenigeukia. Uso wake nilikuwa nimeusahau. Mzuri!

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari sana. Nimejua kosa langu lilikuwa wapi. Meza! Kukata pembe hakutoshi, lazima iwe duara kamili. Seremala anakuja kesho, mke wangu akiwa kazini.

Mafunzo nimeamua kuyaacha. Ya nini, na mimi nimeshakaa upande wa msuluhishi na upande wa mgomvi? Wanaosoma hawana uzoefu huo. Pia nilikubali kuomba radhi mbele ya mtaa, nimeomba. Kuhusu kutopatanisha tena kiumbe yeyote, nadhani hilo lilikuwa pendekezo.

Tena nimepata mteja mkubwa! Mama mkwe wa Vidole Kumi. Alikuja mezani kwangu leo wakati mkwewe amekwenda chai, akanimwagia moyo wote dhidi yake. Safari hii sikurudia ujinga. Nilimuuliza kabisa, kama anavyouliza Mama: lipi nipeleke, lipi libaki? Akasema yote yabaki. Hata neno moja lisimfikie mkwe. Nikamwahidi.

Vidole Kumi aliporudi nilimdokezea kidogo tu, ajue namna ya kujiandaa. Nimemwapisha asimwambie mtu. Siri ya mama mkwe iko salama kabisa, sasa tuko wawili tunaoitunza.