Ombi la Kutangaza Mchana Kuwa Usiku Mtaa wa Mnazi Mkavu

Apolinari Kamugisha,
Nyumba ya Mama Sekela, chumba cha uani,
Mtaa wa Mnazi Mkavu,
Temeke, Dar es Salaam.

Kwa Mzee Mudathir,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
(ofisini, au barazani kwako kama ofisi imefungwa).

Shikamoo Mzee,

YAH: MAJIRANI KUNINYIMA USINGIZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wako wa miaka sita, mume wa Herieth, na mlinzi wa usiku katika godauni moja la mabati kule Kipawa. Nasema "wa usiku" mapema kwa sababu hapo ndipo mtaa mzima unaponikosea. Watu wote hapa hulala usiku, tena hulala vizuri, kwa kuwa watu kama mimi tuko macho. Mimi hulala saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Huo ndio usiku wangu. Kwa hiyo, Mzee, mtu akitwanga kinu saa nne asubuhi nje ya dirisha langu, ametwanga usiku wa manane, na kutwanga usiku wa manane ni kosa hata kwa mila.

Najua wanasema sisi watu wa Bukoba tukikosa la kufanya tunaandika barua. Si kweli. Tunaandika hata tukiwa na la kufanya. Lakini hii naiandika kwa sababu kazi yangu iko ukingoni. Nina barua mbili za onyo, na ya tatu itakuwa ya kwaheri.

Ya kwanza nilikutwa nimelala, nimekumbatia rungu. Ya pili inahitaji maelezo. Bosi wangu, Fransis, anaishi nyuma ya godauni, na amening'iniza ringi ya lori getini. Kila saa inapotimia naigonga kwa nondo, mapigo sawasawa na saa yenyewe, ili huko kitandani ajue kwamba niko macho. Asiposikia, anakuja na tochi. Mwezi uliopita, baada ya siku nne za kukosa usingizi, nilianza kugonga saa nane. Usingizi ukanipitia huku mkono ukiendelea na kazi, na nilipozinduka nilikuwa nimefikisha kumi na moja. Wakazi wa pale wamezoea kuamkia ringi yangu. Wakaamka, wakaoga, wakafunga milango, wakaenda kusimama kituoni. Walisimama masaa matatu kwenye giza. Bosi naye alishanyoa ndevu.

Chanzo cha aibu hiyo hakiko Kipawa. Kiko hapa kwako, na wahusika ni hawa:

1. Mzee Leonardi, fundi vinyago. Ukuta wa karakana yake ndio ukuta wa kichwani kwangu. Saa mbili na nusu anaanza: patasi na nyundo, patasi na nyundo. Nimemwendea kwa adabu, nikatanguliza shikamoo kabla ya lawama. Akanijibu, "Mwanangu, mpingo haubembelezwi. Ukiugusa polepole unakucheka." Nikamshauri achonge mti laini, hata mpapai. Alinitazama kwa huruma, akanisogezea kigoda nipumzike. Nililala juu ya kile kigoda dakika kumi, ndio usingizi mtamu niliopata wiki ile, kisha akaanza tena kugonga.

2. Mama Sekela, mwenye nyumba wangu. Hutwanga kisamvu cha kuwauzia mama lishe, saa tatu mpaka saa sita, huku akiimba nyimbo za kwaya. Anaimba sauti ya pili peke yake. Ya kwanza haina mtu, kwa hiyo najikuta naijazia mimi kutoka kitandani. Mtu anayeimba sauti ya kwanza hawezi kulala, Mzee, hata angekuwa nani.

3. Jogoo. Hapa nakuja kwa unyenyekevu kwa kuwa jogoo mwenyewe ni wako. Sina ugomvi na jogoo anayewika alfajiri. Huyo ni mlinzi mwenzangu. Lakini wako anawika saa tano, saa saba, na saa nane na robo, akiwa juu ya bati langu. Washtakiwa wenzake angalau wanafanya kazi. Yeye hauzi kitu, hachongi kitu, na hakuna anayemwamsha. Nilimrushia ndala, nayo mpaka leo iko juu ya paa.

4. Chekechea ya Mwalimu Adelina. Watoto arobaini na herufi tano, kila siku ya Mungu: a, e, i, o, u. Nimemwomba wasome kwa kunong'ona. Akasema, "Kaka Apolinari, mtoto asiyesikika hajasoma." Mwanangu Brightson yumo humo, na kwa kweli ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Hapo sijui nimshtaki nani.

5. Yule kijana wa mkokoteni mwenye kipaza sauti. "Tunanunua vyuma chakavu, betri mbovu, friji mbovu." Siku moja niliinuka kumfokea. Akachungulia dirishani, akasema, "Braza, mbona hicho kitanda hukitumii? Si unipe mie?" Nilikaa chini nikakitazama kitanda changu, na kusema kweli kijana alikuwa na hoja.

Mke wangu alinishauri niweke pamba masikioni. Niliweka. Nikaanza kuusikia moyo wangu, nao unagonga kama Mzee Leonardi.

Kutokana na hayo, naiomba ofisi yako itangaze rasmi kwamba katika Mtaa wa Mnazi Mkavu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, ni usiku. Wakazi watakaolazimika kutoka nje watembee kwa kunyata, na wakikutana waagane kwa "lala salama". Kinu, vinyago na chekechea vihamie saa nne usiku, muda ambao mimi niko Kipawa na sitasumbuliwa. Watoto watazoea, watoto huzoea chochote. Kama utaona utaratibu huu ni mgeni, kule Sinza kwenye mabaa wamekuwa wakikesha miaka yote bila kuandikiwa barua na mtu. Linabaki suala la jua. Hilo najua liko nje ya mamlaka yako, ila unaweza kuitisha mkutano wa mtaa tukachanga mapazia.

Watakuambia wanatafuta riziki. Usiwasikilize, Mzee. Riziki haihitaji kelele. Mtu anayemwamsha mwenzake ili yeye ale, chakula hicho kina kasoro, na nashauri maneno haya yabandikwe ukutani ofisini kwako.

Nisalimie Bi Mkubwa, wajukuu, wajumbe wote wa nyumba kumi, na mlinzi wa ofisi kama amelala umwache hivyo hivyo.

Ndimi mkazi wako mtiifu, ninayejenga taifa nikiwa macho,

Apolinari Kamugisha.

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii, nimepokea nyingine kutoka kazini. Wakazi thelathini na wawili wanaolizunguka godauni wamelalamika kwamba kuna mlinzi anayegonga chuma usiku kucha na kuwanyima usingizi. Wameorodhesha kwa namba. Wanataka ringi iondolewe, na mgongaji aondoke nayo.

Mzee, nimeumia. Watu gani hawa wasio na utu? Hawajui kwamba ile ringi ndiyo unga wa Brightson? Mimi nikinyamaza, nani atajua kwamba nipo kazini? Nasema wazi kwamba naogopa. Bosi ameniambia nipeleke barua ya mwenyekiti wa mtaa wangu, pamoja na saini za majirani watano wanaothibitisha kwamba mimi ni mtu mtulivu nisiyemsumbua yeyote.

Jana nilipita kuziomba. Mzee Leonardi aliweka nyundo chini, akajifuta vumbi la mpingo, akasaini kabla sijamaliza kueleza. Mama Sekela aliuacha mchi ndani ya kinu, akasema, "Wee Apolinari, wakikufukuza huko nani atanijazia sauti ya kwanza?" Kumbe alikuwa ananisikia. Mwalimu Adelina aliwanyamazisha watoto, akasaini, akanisahihishia na herufi mbili kwenye karatasi. Hata yule wa vyuma chakavu alizima kipaza sauti, akaweka dole gumba. Kwa hizo dakika chache mtaa mzima ulikuwa kimya kwa ajili yangu, nami nilisimama katikati sina usingizi hata chembe, machozi yananilenga.

Kwa hiyo naomba yote yaliyo juu ya tanbihi uyachane, maneno ya ukutani pia. Andika ile ya bosi, na muhuri ugonge kwa nguvu, usikike mpaka Kipawa. Nina saini nne. Nafasi ya tano nimekuachia wewe kama jirani.

Suala la jogoo tutalizungumza ukishasaini.