Nguzo Nne Nilizonyimwa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Bodi ya Wasanifu Majengo.

YAH: OMBI LA KUMFUTA MSANIFU ALIYENIJENGEA NYUMBA BILA KUNISIKILIZA

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu za mtu aliyekosewa. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, nimeongoza shule miaka ishirini na sita, na sijazoea kubishana na mtu mwenye penseli sikioni. Naomba Bodi yako imfute kwenye daftari la wasanifu yule bwana tuliyembandika jina la Futikamba, na iamuru nyumba yangu irekebishwe kabla sijafa kwa aibu. Sababu ni hizi.

1. Nilimpa picha niliyoikata kwenye kalenda: ghorofa moja, nguzo nne nene mbele, simba wawili wa saruji. Akaitazama, akaniuliza nguzo zitabeba nini. Nikamwambia zitabeba heshima yangu. Akaandika kitu kwenye daftari lake, halafu akaomba kushinda nasi siku nne kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga, eti aone tunavyoishi. Nikadhani ni adabu. Kumbe ni upelelezi.

2. Kiwanja kina mteremko. Watu wenye akili zao huleta tingatinga. Yeye alichomeka fimbo zenye vitambaa, akashinda juani akiangalia upepo unaelekea wapi, mtu mzima na shahada yake! Kisha akaishusha nyumba kufuata mteremko, ngazi tatu hapa, tatu pale, hata mpita njia anaona paa langu kabla hajaona mlango. Kiyoyozi nilichonunua kiko kwenye boksi hadi leo, kwa sababu nyumba inajipoza yenyewe. Wageni wakikuta madirisha wazi wananipa pole, wakidhani umeme umekatika.

3. Hao wageni wenyewe hawana sebule. Futikamba aliuliza mwaka jana walikuja mara ngapi, na mke wangu, ambaye hakuulizwa yeye, akajibu mara mbili, na mmoja alikuwa amepotea njia. Basi nafasi ya sebule ikageuka jiko lenye dirisha pana, na kando yake benchi la baba mwenye nyumba, maana mpelelezi aliniona nikimenya vitunguu. Mara moja tu, Mwenyekiti! Makochi yangu bado yamevaa nailoni.

4. Hili ndilo lililonifikisha kwako. Mama yangu haoni, mwaka wa sita sasa. Huko tulikopanga alikaa chumbani, na akitaka maji, jua au choo, aliniita mimi. Nilimshika mkono asubuhi na jioni, mtaa mzima ukiona, nikasifiwa kwamba huyo ndiye mwana. Futikamba alitutazama siku zote nne, daftari mkononi. Sasa ukutani kuna ubao laini wa kupapasia, kimo cha mkono wa mama, kutoka kitandani kwake mpaka bafuni, jikoni na barazani. Kabla ya kila ngazi sakafu inakwaruza nyayo ili ajue. Basi mama anatembea. Anatokea popote bila hodi. Amefika hadi getini, akawasimulia majirani kwamba nilikojoa kitandani mpaka darasa la tano. Juma lililopita nilikwenda kumchukua kama kawaida, nikakuta kitanda kimetandikwa, mwenyewe yuko barazani anaota jua. Akaniambia, "Mwanangu, pumzika. Umenishika vya kutosha."

Sifichi, niliumia. Nilirudi chumbani nikakaa, mikono mapajani, sina pa kuipeleka. Je, sheria zenu zinamruhusu msanifu kumstaafisha mtu kazi ya uana? Serikali iliponistaafisha iliniandikia barua, tena na muhuri. Huyu kaniachia ubao.

5. Kwa hiyo naomba ubao ung'olewe wote, sakafu ipigwe vigae vinavyong'aa kama vya wenzetu, nguzo nne zisimamishwe hata kama zitaziba dirisha la jikoni, na mhusika asikaribie tena familia yoyote yenye mama.

Nisalimie wajumbe wote wa Bodi, nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, na karani wa mapokezi aliyeniomba nipunguze sauti.

Ni mimi, niliyevuliwa cheo nyumbani mwangu,
Mwalimu Mkuu (Mstaafu)

Tanbihi: Barua hii imechelewa siku mbili kwa sababu mke wangu alinipeleka kwa daktari wa macho. Ni ugonjwa ule ule wa mama. Unaingia polepole, na ukishaingia hautoki. Daktari aliuliza kama nyumbani kuna mtu wa kuniongoza. Nilipomweleza tulivyojengewa, akasema wagonjwa wake wengi wangetamani. Basi hilo la kumfuta msilifanyie haraka. Mtumeni kwanza aje apime upya: ubao wa mama uko chini mno kwangu, unaniinamisha, na kutoka kitandani kwangu mpaka chumbani kwa mama hakuweka ubao wowote.