Hariri ya Juma Kuu

Jumatatu, 24 Machi 1997

Mkuu wa shule ameamua. Nisipouza vifuko vyangu vya hariri kabla ya wiki ijayo kwisha, shamba la miforosadi nyuma ya darasa letu litafyekwa, apewe Nyamizi, mwanafunzi mwenzangu, apande bamia. Bamia! Mwaka mzima nimechuma majani yale alfajiri, nikayapangusa umande moja moja, nikawalisha viwavi kama watoto wachanga. Kikundi cha hariri tulianza tisa. Nimebaki mimi, mwenyekiti.

Mwalimu Damiani wa kilimo amesema leo ni siku ya nane tangu viwavi wajifungie ndani ya vifuko. Nivifukize kwa mvuke leo hii, mdudu afe, uzi upone. Akichelewa kufa atageuka nondo, atoboe kifuko. Nimejibu ndiyo, mwalimu.

Sitavifukiza leo. Mnunuzi anakuja kutoka Morogoro Jumatano ya wiki ijayo, na mzani wake. Kifuko kikikauka hupoteza zaidi ya nusu ya uzito. Nikivifukiza Ijumaa, Jumatano vitakuwa bado na maji ya kutosha. Sijui kwa nini mwalimu hakuliona hili.

Alhamisi, 27 Machi

Nyamizi amepita nyumbani na mtindi wa mama yake. Ametazama nyungo zangu tatu, akauliza nimeanika nini, karanga zilizougua? Nikamwambia Msukuma hathamini kitu kisicho na pembe. Akasema heri pembe, unajua pa kushika. Kisha akanionyesha pakiti ya mbegu za bamia. Ameshanunua. Hana hata aibu.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Moto umewaka, sufuria inachemka, ungo wa kwanza uko tayari juu yake. Bibi Theodosia, ninayeishi naye, akatokea mlangoni. Ameuliza napika nini siku ya mfungo. Nimemweleza kitaalamu. Akachukua kifuko kimoja, akakitikisa karibu na sikio, akauliza kama aliyemo yu hai. Nikasema yu hai, Bibi, ndiyo sababu.

Akanitazama sana. “Mwenzio amejifunga sanda mwenyewe, amelala, halafu wewe umchemshe? Leo, Levina?”

Akamwaga maji yote motoni. Nikamtajia agizo la mkuu wa shule. Akasema hata Pilato alikuwa mkuu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimejaribu tena. Bibi amesema Bwana bado yumo kaburini, na humu ndani hauawi mtu wala mdudu. Kuanika juani haiwezekani, mvua haijakatika tangu Jumatano. Nimekwenda kuomba jiko kwa jirani, Mama Tekla. Bibi alikuwa ameshatangulia.

Saa kumi jioni Bibi amechinja jogoo. Nimemwuliza, kwa heshima kabisa, tofauti iko wapi. Amesema jogoo hajavaa sanda.

Jumapili ya Pasaka, 30 Machi

Tumerudi kanisani, nikafungua mlango. Nondo. Weupe, wanene, mamia. Hawawezi kuruka, basi wanatembea tu na kupiga mabawa, juu ya kitanda, juu ya meza, juu ya kitenge kipya cha Bibi, na popote wanapopita wanaacha mkojo wa rangi ya chai. Kila kifuko kina tundu.

Bibi amepiga magoti palepale mlangoni. Amesema wamefufuka. Majirani wameitwa kushuhudia. Mama Tekla amelia machozi. Nami nimelia, ila hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jumatano, 2 Aprili

Mnunuzi amefika. Nimemwamkia vizuri, nimempa kiti, nimegeuza kila kifuko tundu litazame chini. Amechukua kimoja, akakigeuza, akaingiza kidole tunduni mpaka mwisho. Akasema uzi wa kifuko ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na huu umekatwa vipande. “Hii si hariri tena, binti. Ni sufi. Na sufi naokota bure chini ya mti.” Mzani haukutoka hata kwenye mfuko.

Ijumaa, 4 Aprili

Wamefyeka. Nyamizi alishika panga mwenyewe, akiimba. Umebaki mstari mmoja, ule wa karibu na choo, kwa kuwa hakuna atakayekula bamia za pale. Nimeomba niachiwe. Mkuu amesema chukua, ila nisimletee tena habari za wadudu.

Hajui kwamba nondo wametaga. Mayai yamejaa kwenye karatasi, katika daftari la jiografia, na katika shuka la Bibi, ambaye amekataa kulifua. Majani ya mstari ule yatatosha ungo mmoja. Vifuko vitakuwa tayari mwezi wa Mei, na Mei haina Ijumaa Kuu.

Mwalimu Damiani amenisihi nikumbuke siku ya nane. Nimejibu ndiyo, mwalimu. Lakini nimeshafanya hesabu. Safari iliyopita ni sala za Bibi zilizowaharakisha. Bila sala watalala hata siku kumi na tano, na uzito wote huo utakuwa wangu.