Ombi la Kuipunguzia Nyumba Yangu Miaka Mia Sita

Nyumba Na. 7,
Uchochoro wa Wasuka Kamba,
Mji Mkongwe, Tallinn.
Jumapili, 24 Agosti

Kwa Ndugu Tarmo Piirsalu,
Mkuu wa Ofisi ya Majengo ya Kale.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi, na umevua viatu. Mimi ni Heino Vaarmets, fundi umeme wa meli, mstaafu, mkazi wa ghorofa ya chini katika nyumba iliyotajwa hapo juu. Utanikumbuka. Ni mimi niliyeomba mara tatu kuweka dirisha la plastiki jikoni, na mara tatu ofisi yako ikanijibu kwa adabu kwamba nyumba hii ina miaka mia sita na haijazoea plastiki. Sikukasirika. Nilitia matambara kwenye nyufa nikaendelea na maisha.

Leo naandika kwa jambo zito zaidi. Bi Asta Lepamets, jirani yangu wa ghorofa ya juu, ametangaza kwamba tarehe mosi Septemba anahamia kwa binti yake Kaire, kule Mustamäe, mtaa wa maghorofa mapya, kwenye jengo lenye lifti na dirisha la plastiki kila chumba. Anahama kwa sababu ya watalii. Kwa hiyo naomba watalii waondolewe, na kwa kuwa najua hawaondoki mahali penye ukale, naomba ukale wenyewe ndio uondolewe. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu mlango. Tarehe 3 Juni, siku ya ile meli kubwa nyeupe ya watalii, niliuacha mlango wazi kwa sababu nilikuwa nabeba kuni na mikono yote miwili ilikuwa imejaa. Niliporudi na mzigo wa pili nikamkuta mama mmoja wa makamo, mgeni kabisa, amesimama jikoni kwangu akilitazama jiko langu la kuni kwa heshima kubwa. Mkuu, wewe ni mtu wa hapa, unajua mstaarabu hufanya nini akikutana na mtu ambaye hajatambulishwa kwake. Hunyamaza, akasubiri mwenzake aondoke. Nikanyamaza. Hakuondoka. Nikatazama viatu vyake. Naye akatazama soksi zangu, akaona haya, akarudi kizingitini akavivua na kuingia tena. Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema maneno mawili matatu tu, kwamba hapa ni kwangu, tusingefika tulipofika.

2. Kuhusu viatu. Mumewe alikuja kumtafuta, akaona viatu vya mkewe mlangoni, akavua vyake. Wapita njia wakaona jozi mbili, wakahisi kuna jambo, wakavua. Kufikia saa sita mchana kulikuwa na jozi ishirini na tatu kwenye ngazi zangu, na kiongozi wa msafara mmoja, binti mwenye bendera ya njano, alikuwa akiwaambia watu wake kwa Kijerumani, lugha niliyojifunza melini, "Jamani, tuvue viatu na tusipige kelele, inaonekana hapa ni mahali patakatifu." Mkuu, mahali hapo patakatifu palikuwa na sufuria ya kabichi iliyochacha na suruali yangu ya ndani imeanikwa juu ya jiko. Waliipiga picha.

Tangu siku hiyo wanakuja kila meli inapotia nanga. Nimejaribu kufunga mlango. Wanavua viatu nje, wanasubiri kwenye baridi na soksi zao, na mimi sina roho ya chuma.

3. Kuhusu mwili wangu. Tarehe 19 Juni nilisinzia kitini baada ya kula. Nilipozinduka nikasikia wawili wakibishana juu ya kichwa changu. "Huyu ni sanamu ya nta," alisema mmoja. "Nta gani? Hebu tazama masikio. Nta haioti nywele namna hiyo." "Siku hizi wanaweza, bwana." Nikaona nikifumbua macho nitawaaibisha, basi nikaendelea kuwa wa nta kwa dakika arobaini. Shingo inaniuma mpaka leo.

4. Wanaonja vyakula. Mzee mmoja alikula vipande vinne vya mkate wangu mweusi pamoja na dagaa wa chumvi, kisha akachukua daftari ninaloandikia namba za mita ya umeme, akaandika: "Chakula cha karne ya kumi na tano. Kitamu, ila chumvi imezidi." Dagaa hao niliwatia chumvi mwenyewe Jumanne. Na sasa kila mtu anaandika humo. Mwezi uliopita fundi wa mita, ninayemtumia picha ya ukurasa kila mwezi, alinitumia ujumbe kuniuliza kwa nini mahali pa Julai pana moyo na jina Pilar.

5. Kuhusu gambuti za Bi Asta. Hapa, Mkuu, naomba usome taratibu.

Bi Asta huacha gambuti zake chini ya ngazi tunayotumia sote wawili. Tumeishi katika nyumba hii miaka kumi na moja na hatujawahi kugombana, kwa sababu hatujawahi kuongea. Asubuhi nasema salama, naye anasema salama. Siku kalenda inaposherehekea jina lake namwekea mlangoni kikapu cha uyoga, bila kumwambia nimeuchuma wapi, maana hilo hata marehemu mke wangu hakuambiwa. Siku ya jina langu nami nakuta chupa ya jamu. Tulikuwa watu wa kuheshimiana.

Tarehe 14 Agosti mtalii mmoja aliondoka na gambuti hizo akaacha ndara za rangi ya waridi. Saa nane mchana mlango wangu ukagongwa. Ni mara ya kwanza katika miaka hiyo yote.

"Heino, gambuti zangu ziko wapi?"

Nyuma yangu, mezani, walikuwa wamekaa Wahispania tisa.

"Na hawa ni nani?"

"Sijui."

"Wamekuja lini?"

"Juni."

Akanitazama, akawatazama wao, akaitazama ile suruali. "Basi mimi nahamia kwa Kaire," akasema, akapanda ngazi na zile ndara za waridi miguuni, maana alikuwa amezivaa ili atoke mvuani na hakuwa na kingine cha kuvaa.

6. Hili si lalamiko, ila sina mahali pengine pa kuliweka. Saa kumi na mbili asubuhi nasikia Bi Asta anashuka kitandani. Hatua saba mpaka jikoni, birika linawekwa motoni, kiti kinavutwa. Hapo nami najua ni wakati wa kuamka. Wewe unaijua Desemba yetu. Ukilisubiri jua likuamshe utalala mpaka saa tatu na nusu. Akihama, nitajuaje kwamba kumekucha? Watamweka nani huko juu? Watapangisha kwa watalii, watakuwa wanaburuta mabegi. Naogopa, Mkuu. Neno hilo sijawahi kuliandika kwenye barua ya ofisi na naliandika kama lilivyo.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako itende moja kati ya haya:

(a) Nyumba Na. 7 ipunguziwe miaka, ibaki na hamsini na mitano hivi, ambayo haimpendezi mtu yeyote. Dirisha la plastiki nitaanza kuliweka mwenyewe ili kuonyesha nia njema.

(b) Ikishindikana, uchochoro wote utangazwe mpya. Ukuta wa mji upigwe plasta na rangi ya krimu, na kila mnara uwekewe lifti, Bi Asta asiwe na kitu cha kukifuata kwingine.

(c) Hilo nalo likishindikana, Mji Mkongwe uhamishiwe Mustamäe na Mustamäe iletwe huku bandarini. Watalii wataufuata ukale wao. Na Bi Asta, akiisha kuhamia kwenye majengo ya Mustamäe, atajikuta amerudi juu ya dari yangu. Nimelichora jambo hili kwenye karatasi na linawezekana.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi, hasa yule dada mwenye mwandiko mzuri aliyenikatalia dirisha mara tatu. Msalimie na mkeo, na mbwa wenu kama bado yupo.

Ni mimi, mkazi mtiifu wa nyumba iliyozeeka mno,

Heino Vaarmets.

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu mlango umegongwa. Ni Bi Asta, na trei ya keki ya beri. "Meli ya kesho inaingia saa ngapi?" akauliza. Nikamwambia saa tatu. "Haya. Maana hao wageni wako unawalisha dagaa watupu, unaiaibisha nyumba nzima."

Nikamuuliza, na Kaire je? Akasema Kaire ameshaambiwa asimsubiri. Kisha akasema, "Miaka kumi na moja, Heino, nilidhani wewe ni bubu." Nami nikamuuliza, "Sasa wewe mbona hukugonga?" Akashangaa kweli kweli. "Ningegonga kwa sababu gani? Gambuti zilikuwepo."

Kwa hiyo, Mkuu, mambo yote ya hapo juu yasishughulikiwe. Nyumba irudishiwe miaka yake yote mia sita, na kama ofisi ina ya akiba, muiongezee. Tunaomba pia kibali cha kuweka rafu ya viatu pale nje. Itakuwa ya mbao.

Leo hakuna meli bandarini. Bi Asta yuko jikoni anakosoa jiko langu. Mlango nimeufunga, na pale kwenye ngazi pana jozi mbili za viatu, moja ya rangi ya waridi. Nimeziacha nje zionekane.