Bwana Futi Haipati Karakana

Jumatatu, 3 Machi

Nimedharauliwa ndani ya nyumba yangu, tena kabla ya chai. Mke wangu kasema karakana yangu apewe kaka yake.

Karakana! Chumba cha uani nilichokiezeka kwa mikono hii, kinachovuja pembe moja tu. Miaka yote niliyofua mashuka ya hospitali, mchana nilikuwa dobi, jioni nilikuwa fundi. Nimechonga, nimeranda, nimepaka rangi. Hapa mtaani sijui nyumba isiyo na kitu changu. Shule niliacha mapema, mwalimu alikuwa ananichelewesha.

Huyo kaka yake, shemeji yangu, kastaafu ukarani juzijuzi, kahamia kwetu, kaanza kuchonga miiko. Miiko! Anapima kwa futi, anaandika, anapima tena. Namwita Bwana Futi. Mimi napima kwa jicho. Jicho huwezi kulisahau nyumbani. Tatizo ni kwamba Bwana Futi anachongea sebuleni, na vumbi la mbao linaingia kwenye kikombe cha mke wangu.

Basi mke wangu kaleta habari: Jumamosi kuna maonyesho ya kazi za mikono pale ukumbi wa mtaa. Anayependa kitu anaongea na aliyekitengeneza, anaondoka nacho. Akanipa masharti huku anamimina chai.

"Jioni ikifika na mtu hata mmoja ameondoka na kitu chako kwa kupenda mwenyewe, karakana ni yako mpaka uzikwe. Vikirudi vyote, ufunguo unampa kaka yangu."

Nikasema sawa. Nimesema kwa sauti ili Bwana Futi asikie. Alikuwa anapiga msasa, hata kichwa hakuinua.

Jumanne, 4 Machi

Karakana imejaa mbao, lakini kitu kilichokamilika hakuna. Si uvivu. Ni ukarimu. Vyote niligawa.

Nikaamua kutengeneza kiti cha kuegemea kwa siku moja. Kabla ya adhuhuri kimesimama. Kimelala upande kidogo, kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Nikakata mguu mmoja. Kikalala upande wa pili. Nikakata tena. Sasa ni kiti cha mtu mfupi. Watu wafupi nao wanakaa.

Halafu nikapaka gundi kwenye mkono wa kiti, nikakaa nijisifu kidogo, mkono wangu juu yake. Ile gundi ni nzuri sana. Mke wangu alinikuta nimetulia, akadhani natafakari maisha, akaondoka. Nilipoita mara ya tatu akaja na Bwana Futi na mkasi. Bwana Futi akauliza kwa upole nikatiwe shati au nikatiwe kiti. Upole wake ndio unaoniudhi. Shati limebaki na mkono mmoja. Mkono wa pili uko kwenye kiti, na hautoki.

Lakini hapo hapo akili ikafunguka. Kwa nini nitengeneze vipya? Kazi zangu bora zimo majumbani mwa watu! Nitazikusanya, nizipange mezani, mtaa uone. Kuomba siwezi. Zawadi uliyotoa huirudii kuiomba, ni aibu kubwa. Kwa hiyo sitaomba.

Jumatano, 5 Machi

Nimeazima toroli kwa jirani yangu fundi baiskeli. Nikaanza na binti yangu mkubwa. Siku ya harusi yake nilimpa kigoda cha mti mgumu, nakshi pande zote. Nikatazama sebuleni, hakipo. Nikauliza kama mtu asiyejali, eti siku hizi vigoda watu wanaviweka wapi? Akasema, baba, kunywa chai.

Nimekikuta jikoni. Chini ya pipa la maji! Pipa limekaa juu ya nakshi zangu, limetulia kama bibi harusi. Moyo uliniuma. Binti alipotoka kuanika nguo nikalikumbatia pipa, nikachomoa kigoda, nikasukumia ndoo ya plastiki kifudifudi. Kimo kilekile. Nilipima kwa jicho.

Nikaaga haraka. Sijafika hata kona nikasikia kishindo, kisha binti yangu anaita majirani waje na matambara. Sikugeuka. Toroli lenye mzigo halipendi kugeuzwa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mavuno. Asubuhi kwa dada yangu mkubwa. Yeye nilimpa sanduku la vito, ambalo mfuniko wake haujawahi kufunguka tangu nilitengeneze. Nilitia gundi bila ubahili. Nikamkuta anapanga vitunguu, nikapita chumbani kusalimia ukuta. Sanduku liko chini ya kitanda, limeshika mahali pa mguu uliovunjika.

Nikarudi nikamwambia mbao ile nadhani imeingiwa na wadudu, nikaitie dawa. Dada hakuinua macho kwenye vitunguu. Akasema, mdogo wangu, hilo sanduku liache lilipo, tumeshazoeana. Mtu akabisha hodi, dada akatoka kumfungulia. Nikaweka kopo la biskuti mahali pake. Jicho langu halijawahi kuniangusha.

Mchana nikaenda kwa fundi baiskeli, kwa nia safi ya kurudisha toroli. Yeye nilimchongea simba. Nimemkuta simba sakafuni, anazuia mlango usijifunge, na fundi anamwita mbuzi! Eti mshkaji, mbuzi wako ananisaidia sana. Alipoingia ndani kabisa kutafuta mpira wa tairi, nikambeba simba wangu. Mlango ukajibamiza nyuma yangu na komeo la nje likaanguka lenyewe. Nikasikia ngo ngo ngo. Nikajua anagonga rimu. Toroli nikaondoka nalo, maana hakukuwa na mtu wa kumkabidhi.

Ijumaa, 7 Machi

Imebaki picha ya mke wangu. Niliichora mwenyewe juu ya plaiwudi kwa rangi iliyobaki ya geti. Watu wanasema kafanana na kaka yake. Wivu. Rangi ya kahawia iliniishia, nikamalizia na nyeusi, ndiyo maana chini ya pua pana kivuli. Mke wangu aliipachika kwenye dirisha la chumbani siku kioo kilipovunjika, na miaka yote nimejua kaiweka pale ipate mwanga.

Nimeitoa, nikaweka boksi la sabuni. Jioni mvua ikanyesha. Boksi likawa uji, na upepo ukaingia kama mgeni aliyealikwa. Mke wangu kala chakula amevaa koti na kilemba juu ya kilemba. Anapiga chafya, ananitazama. Nimemwambia hali ya hewa imebadilika.

Lakini kilichoninyima raha ni kingine. Nimemwona Bwana Futi uani anapima karakana. Kwa nje tu, kwa heshima, anaandika. Akasema, shemeji, napima tu, si kwa ubaya. Nilijiona kama napimiwa sanda. Nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa juu ya mbao. Randa yangu ipo pale ilipo siku zote. Harufu ya mbao ipo. Nikijifungia humu hakuna anayenituma dukani, hakuna anayeniambia nimezeeka. Nikaitwa kula mara mbili ndipo nikatoka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevaa shati lenye mikono yote.

Meza yangu ilikuwa karibu na mlango, ya Bwana Futi karibu na jukwaa. Kapanga miiko yake kwa urefu, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Watu wakajaa kwake. Wakaishika, wakaisifu, wakasema mikono ya mzee huyu imebarikiwa. Kisha wakairudisha mezani taratibu, wakaenda kutazama vikapu. Kila aliyekuja alifanya hivyo hivyo. Nikaanza kumwonea huruma, kisha nikaacha.

Kwangu alikuja katibu wa ukumbi, mama wa miwani mikubwa. Akasimama mbele ya kiti chenye mkono wa shati, akauliza maana yake nini. Nikamwambia ni jasho la fundi. Akaguna kwa heshima. Hakukichukua. Mtoto mmoja akamwonyesha mama yake mbuzi. Nikamwambia ni simba, akaanza kulia.

Jioni ikakaribia. Mke wangu kakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya meza zetu, koti mwilini, leso puani. Mezani kwangu hakuna kilichoondoka. Nikaweka mkono mfukoni, nikaushika ufunguo wa karakana. Ulikuwa na joto. Bwana Futi akaanza kufunga miiko yake kwenye gazeti, mmoja mmoja, hanitazami.

Ndipo mlango ukafunguka na binti yangu akaingia, kanga imelowa mpaka magotini. Hakusalimia mtu. Akakikamata kigoda. Akasema tangu Jumatano anadeki, ameweka matofali, ameweka sufuria, kila kitu kinaanguka, na kumbe baba yake mzazi ndiye mwizi! Nyuma yake dada yangu, anachechemea, kashika kiuno, analiulizia sanduku. Kumbe kopo la biskuti lilihimili kitanda mpaka alipogeuka upande wa ukutani. Na nyuma yao fundi baiskeli, ambaye alitolewa kupitia dirishani na mteja, anataka toroli na anataka mbuzi.

Ukumbi mzima ukageuka. Vikapu vikaachwa. Katibu akavua miwani, akauliza hawa wanagombania nini. Watu wakasema wanagombania kazi za yule mzee. Nikanyoosha mgongo.

Nikamgeukia mke wangu. Nikamwambia ahesabu mwenyewe, vitu vyangu vinaondoka, tena kwa nguvu. Bwana Futi akamwambia mke wangu kwa upole wake kwamba, dada, masharti yalikuwa kwa kupenda, na hawa wanachukua mali yao. Yule mtu alizaliwa kuwa karani. Dada yangu akalikumbatia sanduku kifuani. Mimi nikaushika tena ufunguo mfukoni.

Mke wangu akapiga chafya. Akainuka, akaja mezani kwangu, akaitazama ile picha yake kwa muda. Akaifuta vumbi kwa ncha ya koti, akaitia kwapani.

"Kaka, wewe utaendelea sebuleni, ila utandike gazeti. Mzee, kaa na karakana yako. Hii picha naondoka nayo mimi, kwa kupenda mwenyewe, na ole wake atakayeigusa tena."

Akatangulia nyumbani, picha kwapani, sura yake inatutazama kwa nyuma. Kwa mbali, ni kweli, kafanana na kaka yake.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi! Nimelala kama mtoto. Dirisha limezibwa, hakuna upepo, mke wangu hapigi chafya. Bwana Futi kaniletea mwiko, zawadi. Nimeutazama. Hauna hata upande mmoja uliolala. Kazi isiyo na ladha. Nimeutumia kukorogea gundi.

Nimekaa karakana tangu asubuhi, nawaza. Jambo liko wazi. Watu wamekuja mpaka ukumbini, wamelowa, wanachechemea, kwa ajili ya kazi zangu. Kazi zenyewe za zamani, nilizotengeneza mkono haujakomaa! Je, wakipata mpya? Binti anahitaji kigoda kirefu zaidi, pipa lile liko chini mno. Dada anahitaji sanduku pana. Simba nitamwongezea manyoya, fundi baiskeli asipate tena kisingizio. Na mke wangu nitamchora upya, rangi ya kahawia safari hii ipo.

Nimeshapanga mbao. Limebaki jambo dogo tu, vipimo. Siwezi kutengeneza vipya bila kuwa na vya zamani mbele ya macho, na kuomba ni aibu. Kesho binti yangu anakwenda kliniki, dada anakwenda kukandwa kiuno, na mke wangu atakuwa sokoni.

Fundi baiskeli kasema toroli haniazimi tena. Si neno. Limeegeshwa nje ya mlango wake, na kwa jicho, naona linatosha.